Zizi Limeanguka: Uanzie Wapi Kulijenga Upya

Kila masika yakikatika, maswali ninayopata kutoka kwa wafugaji wadogo huwa yale yale. Nguzo zimelala, seng'enge imelegea, banda la mbuzi limeinama upande mmoja, na mbuzi wameshaonja mahindi ya jirani. Mwenye zizi anataka kujua anunue mirunda mingapi, roli ngapi za seng'enge, na fundi amlipe vipi. Nitafika huko. Lakini wengi wanaoniuliza walishajenga upya miaka michache iliyopita, mahali pale pale na kwa namna ile ile, na sasa wanajenga tena. Kwa hiyo naanza na hili: fedha yako ya kwanza iingie ardhini, kwenye mifereji na nguzo. Waya na bati vitafuata.

Ninazungumza na mwenye ng'ombe wawili watatu, mbuzi kumi na kitu, pengine na nguruwe, kwenye eka moja hadi tano. Vipimo nitakavyotaja ni vya ukubwa huo.

## Kabla ya kung'oa chochote

Zunguka uzio wote kwa miguu ukiwa na panga. Shika kila nguzo uitikise, kisha chokonoa kwa ncha ya panga pale inapokutana na udongo. Nguzo huozea shingoni, kuanzia shubiri moja hivi chini ya ardhi hadi kidogo juu yake, kwa sababu hapo unyevu na hewa hukutana. Sehemu ya juu mara nyingi bado ni nzima. Usiichome kuni. Ikate, uitumie fupi kwenye banda la kuku au la ndama.

Kwa kila nguzo iliyoanguka, tafuta sababu:

- Imekatika usawa wa ardhi: ni kuoza au mchwa. Tatizo ni aina ya mti.
- Imeng'oka nzima: shimo lilikuwa fupi, au udongo haukushindiliwa.
- Zimelala nyingi upande mmoja: kona ndiyo iliyoshindwa, na hizo nyingine zimeifuata.
- Imesukumwa na mnyama: kuna kitu anakifuata nje. Angalia kama maji na majani humfikia ndani.

Ukiruka hatua hii utabadilisha nguzo nzima ukaiacha kona mbovu. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

## Maji kwanza, kuta baadaye

Matope ndani ya zizi huleta kwato kuoza, ugonjwa wa kiwele, na homa ya mapafu kwa ndama na vitoto vya mbuzi. Pia hulegeza kila nguzo iliyosimama humo. Siku mvua inaponyesha, vaa buti utoke uangalie maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Ukungoja kiangazi utakuwa unakisia.

1. Chimba mfereji wa kukinga upande wa juu wa zizi, kina cha sentimita 30 na upana wa majembe mawili. Uelekeze kwenye migomba au mabingobingo, usimwagie jirani.
2. Inua sakafu sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi ya nje kwa kifusi na kokoto, ukishindilia tabaka kwa tabaka.
3. Paa lipite ukuta kwa angalau sentimita 60, ili maji yasidondokee mguuni mwa nguzo.
4. Mkojo na maji ya kuoshea yawe na njia yao hadi kwenye shimo la samadi.

Kama zizi liko bondeni na maji yameshaingia mara mbili, hamisha. Waliopitia mafuriko ya Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa kwa nini. "Lakini kiwanja changu ni kidogo, sina pa kuhamia." Basi mbuzi wapande juu, kwenye banda la chaga (sakafu ya fito iliyoinuliwa), na ng'ombe wapate sakafu iliyoinuliwa zaidi. Lakini ukiwa na nafasi, mita kumi tu kuelekea mwinuko mara nyingi hutosha.

Onyo moja kuhusu kuhamia sehemu mpya: usichimbe mahali palipozikwa mnyama aliyekufa ghafla, hasa aliyetokwa na damu puani au sehemu nyingine za wazi. Huenda ilikuwa kimeta, na vimelea vyake hukaa udongoni kwa miongo mingi. Waulize wazee wa mtaa, umuulize na afisa mifugo, kabla ya jembe la kwanza.

## Kipi kianze kama fedha haitoshi

Fedha haitoshi kamwe, kwa hiyo mifereji ikishachimbwa fuata mpangilio huu: mahali pa kulala usiku, geti lake, kona za uzio, halafu uzio wa mpaka kipande kwa kipande.

Wengi hupinga hapa. Wanasema mbuzi wanaleta ugomvi mchana, kwa nini uanze na usiku? Kwa sababu mchana una macho. Unaweza kuwafunga kamba au kuwakatia majani kwa wiki kadhaa huku ukijenga. Usiku fisi au mwizi akipata upenyo, asubuhi huna mbuzi wa kumjengea uzio.

## Banda la mbuzi

Hapa ndipo fedha hupotea bure, kwa sababu watu hujenga banda la mbuzi kama stoo. Mbuzi anahitaji pakavu, penye hewa, pasipo upepo wa moja kwa moja mgongoni.

- Nafasi: mita moja na nusu ya mraba kwa mbuzi mkubwa. Beberu apewe chumba chake, kama mita tatu za mraba.
- Sakafu: chaga iliyoinuliwa mita moja au zaidi, ili uweze kuingiza chepe na kutoa samadi bila kutambaa.
- Mwanya kati ya fito: sentimita moja na nusu hadi mbili. Penye vitoto, usizidi sentimita moja na robo.
- Kuta: upande wa upepo uzibwe kwa mabanzi. Pande nyingine ziwe na nafasi kuanzia kimo cha mgongo kwenda juu.
- Hori: liwe nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu. Likiwa ndani atapanda, atakojoa humo, na majani hayo hatayala tena.

Huo mwanya wa chaga usimwachie fundi akadirie kwa jicho. Mwanya ukiwa mdogo, mavi hubaki juu na sakafu inalowa. Ukiwa mkubwa, mguu wa kitoto huzama na kuvunjika. Chonga kibao chenye unene unaoutaka, kiwekwe kati ya kila fito na fito wakati wa kupigilia, kisha kihamishwe. Fito ziwe ngumu na zilizonyooka. Zikiwa mbichi, zitasinyaa na mwanya utapanuka wenyewe ndani ya miezi michache, kwa hiyo zikaushe kivulini kwanza. Misumari iingie yote. Kichwa cha msumari kilichochomoza hujeruhi kwato, na kwato ya mbuzi ikishaumia utaihangaikia kiangazi kizima.

Kuhusu jua: sehemu za joto, urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, kivuli kikae ndani. Sehemu za baridi kama Lushoto au miteremko ya juu ya Kilimanjaro, uelekeze kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni liingie likaushe sakafu.

## Ng'ombe

Kwa ng'ombe wa maziwa wa kufungia, kila mmoja apate kilalio cha mita 2.1 kwa mita 1.2 hivi. Kikiwa kipana zaidi hugeuka na kunya pale anapolala. Sakafu ya zege iwe na mwinamo wa sentimita mbili hadi tatu kwa kila mita, na kabla haijakauka ivutwe ufagio mgumu juu yake ili iparuze. Mafundi wa nyumba hupenda kuilainisha. Simama karibu uwazuie, maana ng'ombe mwenye mimba akiteleza hasara yake ni kubwa kuliko bei ya sakafu.

Ukiwa unajenga, ongeza hapo hapo kibanio cha kumshikilia mnyama. Nguzo sita na mabanzi machache vitakuokoa kila siku ya chanjo na kuogesha.

## Nguruwe, kwa ufupi

Ukuta wa zamani wa udongo uliopasuka usiutumie tena. Papasi hujificha kwenye nyufa hizo, na papasi wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Bomoa, ondoa kifusi mbali, ujenge kwa kitu kisicho na nyufa. Uzio wa nje usiwaache nguruwe wa jirani, mbwa au ngiri wagusane na wako.

## Nguzo: nunua chache nzuri

Mikaratusi isiyotiwa dawa, ikizikwa mbichi na magome yake, huoza au huliwa na mchwa ndani ya miaka michache. Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile za rangi ya kijani zinazotoka Mafinga na Njombe, hudumu kwa miaka mingi sana. Bei yake huwatisha watu. Jibu langu ni kuchanganya: zilizotiwa dawa ziwekwe kwenye kona, magetini na kila baada ya nguzo kadhaa. Katikati weka za kawaida.

Ukinunua, angalia:

- Kwenye ncha iliyokatwa, rangi ya dawa iingie ndani kama pete nene. Ikiwa juu ya ngozi tu, umeuziwa mti uliopakwa.
- Usikate ncha utakayozika. Kama lazima upunguze, kata juu.
- Mabaki ya nguzo hizo usiyachome jikoni wala zizini. Moshi wake una sumu, na jivu lake ng'ombe akililamba linaweza kumuua.

Kwa nguzo za kawaida, menya magome yote, kwa kuwa mchwa hupita chini yake bila kuonekana, halafu uzikaushe vizuri. Oili chafu husaidia kwa muda mfupi tu, na ina mabaki ya metali. Usiipake mahali mnyama anapofikisha ulimi. Na kabla ya kukata miti ya asili, hata iliyo shambani kwako, pita ofisi ya kijiji uulize kuhusu kibali.

Shimo la nguzo ya kawaida liwe sentimita 60, la kona 90. Rudisha udongo kidogo kidogo, kimo cha kiganja kila mara, ukishindilia kwa mtaimbo mpaka usiingie tena. Ukimimina udongo wote mara moja utashindilia juu tu. Juu acha kichuguu kidogo ili maji yakimbie. Ukitumia zege, uso wake uinamie nje. Zege yenye bakuli katikati huhifadhi maji na kuozesha nguzo.

## Kona ndiyo inayobeba uzio

Waya zote huvuta kona. Nguzo moja peke yake, hata iwe nene kiasi gani, itainama. Fanya hivi kwa kila upande unaoanzia konani:

1. Simika nguzo ya pili, mita mbili kutoka kwenye kona, kwenye mstari wa uzio.
2. Weka mti wa kulala kati ya hizo mbili, karibu na vichwa vyake, ukiwa umechongewa kikao.
3. Funga waya mzito usio na miba, uzunguke mara mbili, kutoka chini ya nguzo ya kona kwenda juu ya nguzo ya pili.
4. Pitisha kijiti katikati ya nyaya hizo, uzungushe mpaka zikaze kabisa, kisha ukifunge kwenye mti wa kulala.

Soma tena hatua ya tatu. Mafundi wengi hufunga kinyume, kutoka juu ya kona kwenda chini ya nguzo ya pili. Ukifunga hivyo waya haushikilii kitu, na kona itaanza kulegea mara tu seng'enge zinapovutwa.

## Waya: mnyama gani, waya gani

Seng'enge inamfaa ng'ombe. Mistari minne au mitano, kimo cha mita 1.2, nguzo kila mita tatu, na fito mbili za kushikilia waya katikati. Mbuzi huipita, na akijikwaruza huchana kiwele. Kwa mbuzi tumia wavu wenye matundu madogo, inchi mbili hadi mbili na nusu. Matundu ya inchi nne au sita ni mtego: mbuzi mwenye pembe huingiza kichwa kufuata jani, pembe zinamzuia kukirudisha, na usiku mbwa humkuta hapo.

Hesabu kabla ya kwenda dukani. Eka moja ya mraba ina mzunguko wa kama mita 255. Nguzo kila mita tatu ni 85, bila zile za kona na geti. Mistari mitano ni mita 1,275 za seng'enge, na ongeza kidogo ya kufungia. Roli zinauzwa kwa kilo na kwa mita, na roli mbili za uzito mmoja zinaweza kutofautiana urefu kwa sababu ya unene wa waya. Uliza mita. Muuzaji akisema tu "hii ni roli kubwa", nenda duka la pili.

Makosa ya kufunga:

- Waya umewekwa nje ya nguzo. Uwekwe upande wa mifugo, wakisukuma waukandamize kwenye nguzo badala ya kung'oa misumari.
- Msumari wa U umepigiliwa wima ukapasua mti. Uinamishe kidogo, na usiupigilie mpaka ukabana waya. Waya unatakiwa kuteleza unapoukaza upya.
- Wavu umeishia juu ya udongo. Zika sentimita 30, au ukunje nje ya uzio ulale ardhini ukandamizwe kwa mawe.

## "Sina fedha ya waya"

Basi panda. Minyaa inawafaa wa Shinyanga na sehemu kame, mbono hauliwi na mifugo, na michongoma ikikatwa vizuri hata kuku hapiti. Kwa minyaa na mbono, kata vipande mvua zinapoanza, vipandwe kwa ukaribu katika mistari miwili iliyopishana. Utomvu wa mnyaa huumiza macho vibaya, kwa hiyo vaa miwani na uwaondoe watoto. Mbegu za mbono ni sumu, na mwenye watoto wadogo achague kingine. Uzio hai hautakusaidia msimu huu wala ujao, ndiyo maana upandwe sasa, sambamba na uzio wa muda wa matawi ya miba.

Njia ninayoipenda zaidi nimeiona Simanjiro: wafugaji wa Kimaasai wanasimika vigogo vya miti inayochipua ikizikwa mbichi, kisha wanatandaza wavu juu yake. Nguzo inakuwa mti ulio hai, mchwa wanaiacha, na kila mwaka ukuta unazidi kuwa mnene.

## Simba, fisi na chui

Simba au fisi akinusa boma, mara nyingi mifugo hushtuka na kuvunja uzio yenyewe, ikamfuata huko nje. Ukuta wa usiku uzibe macho, hasa kuanzia chini hadi kimo cha ng'ombe. Fisi huchimba, ndiyo sababu ya wavu uliozikwa. Chui hupanda, kwa hiyo penye chui banda la mbuzi lifunikwe juu kabisa.

Taa za kuwaka na kuzima kwa zamu, alizojulikana nazo duniani mwaka 2013 kijana wa Kimaasai wa Kenya, Richard Turere, husaidia dhidi ya simba. Zitumie pamoja na ukuta imara, zisichukue nafasi yake.

## Geti

Geti la zizi la usiku lifunguke kwenda ndani, ili mifugo ikisukuma ilifunge zaidi. Mita 1.2 inatosha kwa wanyama, mita tatu kama mkokoteni utapita. Nguzo ya bawaba izikwe kama ya kona. Komeo liwe nje na liwe na mnyororo, kwa sababu mbuzi hujifunza kulifungua.

## Jirani na fundi

Kabla ya kuchimba kwenye mpaka, mwite jirani na mwenyekiti wa kitongoji, mkubaliane mstari mkiwa mmesimama juu yake. Huko Kilimanjaro masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yamekuwepo tangu enzi za mababu. Usiyang'oe kwa sababu yameziba njia ya waya wako, uzio usogee ndani. Ni vizuri pia kugawana gharama, lakini andikeni.

Na fundi, lipa kwa hatua: mashimo yakikaguliwa, kona zikisimama, waya ukikazwa. Pima mashimo kwa kijiti mwenyewe kabla nguzo hazijaingia. Zikishafukiwa, huwezi kujua tena kama ni sentimita 60 au 40.

## Kabla ya kuirudisha mifugo

- Zege imwagiliwe maji siku saba kabla ng'ombe hawajaikanyaga.
- Okota kila msumari na kipande cha waya. Ng'ombe hachambui chakula mdomoni. Kipande cha waya kikiingia na majani hukaa tumboni, hutoboa, na kinaweza kufika kwenye moyo. Funga sumaku ya spika mbovu kwenye kamba, iburuze sehemu yote fundi alipofanyia kazi, hasa karibu na hori. Irudie baada ya mvua ya kwanza, kwa kuwa mvua hufukua vilivyofunikwa.
- Ingiza majike na vitoto kwanza, uwaangalie jioni nzima wanaposukuma na kuingiza vichwa. Ziba hapo kabla ya giza.
- Beberu na dume waingie mwisho, baada ya siku mbili tatu.
- Kaza waya upya baada ya mwezi mmoja. Nguzo mpya hukaa sawa na waya hulegea kidogo, hata kazi ikiwa nzuri.